Baada ya Joho: Maneno ya Wahitimu kwa Chama Chetu

Hotuba iliyosomwa na wahitimu wa vyuo, watoto wa chama, katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee

 Leo Iringa na Mbeya tumekaa meza moja.

Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni yetu sote. Wengine tumetoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wakubwa wetu bado mnakiita Mbeya Tech. Wengine tumetoka Mkwawa, wengine Chuo Kikuu cha Iringa mnachokikumbuka kwa jina la Tumaini, wengine Ruaha, wengine Teofilo Kisanji. Kila mmoja wetu, kwa namna moja au nyingine, amesoma kwa mkono wa chama hiki.

Tuwaambie ukweli kuhusu hotuba hii. Rasimu ya kwanza ilikuwa shukrani tupu, kurasa mbili nzima. Tulipomaliza kuisoma, mwenzetu mmoja akasema: "Tukisoma hivi watatupigia makofi, tutakula pilau, na Jumatatu tutarudi kule kule." Tukakaa kimya. Kisha tukaiweka pembeni na kuandika upya. Shukrani zipo na zitabaki, ila leo tumekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho hatujawahi kukisema mbele yenu: ule mwaka unaokuja baada ya joho.

Kwanza shukrani yenyewe, kwa ufupi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo wengine tulipata wote, wengine nusu, wengine hatukupata. Pengo lile mlilijaza ninyi. Kuna muhula ambao baadhi yetu tungezuiwa kufanya mtihani kwa ajili ya ada, na mweka hazina wa chama akatuma fedha usiku. Hatujasahau. Na siku ya mahafali mlikuja na vitenge, na keki, na vigelegele, mkatuvisha mataji ya maua shingoni mpaka tukashindwa kuona mbele. Tulifurahi kweli.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Mahafali yetu huwa mwishoni mwa mwaka, wakati mvua za kwetu zinaanza. Joho ni la kukodi, likarudishwa. Wageni wakapanda mabasi. Nyumbani watu waliingia shambani kupanda mahindi na viazi, na sisi tulitakiwa kwenda kuanza maisha. Wengi wetu hatukwenda nyumbani. Tulibaki Kihesa na Iyunga kwenye vyumba vya wanafunzi, wanne kwenye chumba cha mtu mmoja, tukichangia unga na mkaa. Mkipiga simu tulijibu, "Tunafuatilia mambo." Mambo yenyewe yalikuwa kutuma maombi, kusubiri, na kutuma tena. Hatukurudi nyumbani kwa sababu tuliona aibu. Kijiji kizima kilikuwa kimechanga, halafu turudi na begi lile lile?

Na swali lililotuumiza zaidi liliulizwa kwa upendo. Baba anapiga simu na kuuliza, "Umepangiwa wapi?"

Wazee wetu, swali hilo si kosa lenu. Ninyi mlisoma katika nchi nyingine iliyo na jina hili hili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alipita Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi kwanza, ndipo akaomba chuo kikuu. Aliingia darasani akiwa ameshajua kazi ni nini. Na alipohitimu, serikali ilimpangia kituo. Reli ya TAZARA ilihitaji watu, Zana za Kilimo pale Mbeya ilihitaji watu, kiwanda cha karatasi Mgololo kilihitaji watu, shule na wizara zilihitaji watu. Wasomi walikuwa wachache na viti vilikuwa vingi. Ndiyo maana kwenu chuo na kazi vilikuwa kitu kimoja, kama mlango na bawaba zake.

Kwetu vimeachana. Hata ualimu, ambao kwa miaka mingi mhitimu alipangiwa shule moja kwa moja, umebadilika. Waliohitimu mwaka 2015 na waliofuata wanajua maana ya kusubiri. Leo nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwa mtandao, unaitwa kwenye usaili pamoja na maelfu ya wenzako, na wachache ndio wanaochukuliwa. Kwa hiyo mzazi akiuliza umepangiwa wapi, na kijana akakaa kimya, asidhani kijana ni mvivu. Hakuna anayepanga. Kupanga tumeachiwa wenyewe, na kupanga bila kitu mkononi ni kazi ngumu kuliko mitihani yote tuliyofanya.

Tuwape mifano mitatu kutoka kwetu. Majina tumeyaacha kwa makubaliano, lakini wenyewe wapo humu ukumbini.

Wa kwanza ni mwalimu wa hesabu na fizikia. Baba yake ana shamba la misindano Mufindi. Wote tunajua shamba la miti kwetu ni benki. Miti ile ilikuwa na miaka tisa tu, bado haijafika umri wa mbao nzuri, na baba aliikata ikiwa michanga ili binti amalize mwaka wa tatu. Mnunuzi aliona shida usoni pa mzee akatoa bei ya shida. Binti alihitimu vizuri. Nafasi ya serikali haikuja, naye akaenda kujitolea katika shule ya kata iliyokuwa haina mwalimu wa fizikia hata mmoja. Wazazi wa pale wakawa wanamchangia mahindi, maharage na fedha kidogo ya sabuni. Amefundisha hivyo mwaka mzima. Anasema kilichomuuma si njaa. Kila alipopita nyumbani aliviona visiki vya ile miti.

Wa pili ni fundi mwenye shahada, mhandisi wa mitambo. Sheria ya taaluma yake inamtaka ajisajili Bodi ya Wahandisi, kisha afanye kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu kwa miaka kama mitatu kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Hayo ni mambo mazuri, lakini lazima kwanza apatikane mtu wa kumpokea. Alipeleka barua ofisi nyingi. Siku moja aliitwa kwenye usaili Dodoma. Nauli hakuwa nayo, akaweka simu rehani kwa jirani. Alikwenda, akafanya vizuri hatua ya kwanza. Lakini tarehe ya hatua ya pili ilitangazwa wakati simu bado iko kwa jirani, na alipokuja kujua, siku ilikuwa imepita. Wapendwa, kijana huyu alisomeshwa na chama hiki kwa miaka minne. Alikwama kwa bei ya tiketi ya basi.

Wa tatu alisomea uhasibu Iringa. Yeye alisema hangoji, akakodi ekari moja na kulima viazi, kisha akakodi nafasi kwenye lori akapeleka viazi Dar es Salaam. Alifika soko limejaa, bei imeanguka, na magunia yake ya lumbesa yakanunuliwa kwa bei ya gunia la kawaida. Alirudi na hasara na deni. Lakini angalieni alichofanya baadaye. Alikopa mzani kwa rafiki, akakaa na wakulima saba wa kijijini kwao, akawafungulia daftari, akawaambia: "Tunauza kwa kilo, na tunapiga simu sokoni kabla ya kuchimba." Wanunuzi wawili walikataa wakaondoka. Wa tatu alikubali. Msimu ule wakulima wale hawakutajirika, ila kwa mara ya kwanza walijua wameuza kilo ngapi. Walimpa kamisheni ndogo. Leo anatunza hesabu za vikundi vitatu. Shahada yake imepata kazi pale pale tulipozaliwa, kwa sababu ya mzani wa kuazima.

Mnaona wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekwama kwa kukosa akili au juhudi. Wamekwama, au wamenusurika, kwa vitu vidogo: nauli, mzani, mtu wa kukupokea miezi sita, chakula cha mchana.

Ninyi nyote ni wapanda miti, kwa hiyo tunajua mtatuelewa. Mche ukishatoka kitaluni na kupandwa, hatari yake haijaisha. Mwaka wa kwanza majani huufunika, na kiangazi kikifika, kama barabara ya moto haikufyekwa, cheche moja ya jirani anayeandaa shamba inamaliza kilima kizima. Hakuna mzee wa Mufindi atakayenunua miche, akalipa vibarua wa kupanda, halafu akaondoka bila kupalilia. Lakini kwa watoto wenu, bila kukusudia, ndivyo tunavyofanya. Chama kinalipa ada miaka mitatu au minne, kinafanya sherehe kubwa, na siku inayofuata daftari linafungwa.

Kwa hiyo leo hatuombi chama kitutafutie kazi wote. Tunaleta maombi manne ambayo tumeyapima, na tunaamini yanawezekana.

Ombi la kwanza ni mfuko mdogo wa mwaka wa kwanza. Usichukue fedha za ada, kwa sababu wadogo zetu walioko vyuoni bado wanazihitaji. Uchukue kutoka kwenye sherehe. Kila familia ya chama inapotoa kadi za mahafali, katika kila shilingi 10,000 inayochangwa, 2,000 ziingie kwenye mfuko huu. Sherehe itabaki na vigelegele vyake, labda keki itapungua ghorofa moja. Fedha hizo zisigawiwe mkononi. Ziwe mkopo wa kitu kinachoonekana: mzani, mashine ya kuchomelea, cherehani, miche ya parachichi, ada ya usajili wa taaluma, nauli ya usaili. Chama kinunue kitu chenyewe, mhitimu asaini mbele ya mzazi na mwanachama mmoja wa kumdhamini, na aanze kurudisha kidogo kidogo baada ya miezi sita. Kinachorudi kimsaidie wa mwaka unaofuata.

Ombi la pili ni mlango. Humu ndani kuna wenye karakana, wenye maduka ya dawa, wakuu wa idara, wenye mashamba ya chai na mashine za mbao, wenye shule, wenye malori. Kila mmoja wenu achukue mhitimu mmoja kwa miezi sita. Mshahara si lazima, ila nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana ni lazima, kwa sababu mtu hawezi kujitolea akiwa na njaa. Na mwishoni amwandikie barua ya kweli: alifika saa ngapi, alifanya nini, anaweza nini. Karibu kila tangazo la kazi tunalosoma linadai uzoefu. Uzoefu huo mnao ninyi kwenye vitega uchumi vyenu, na kutugawia hakuwapunguzii kitu.

Ombi la tatu ni habari za fedha ambazo zipo tayari. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ikarejea mwaka 2024. Wengi wetu tuliokaa vyumbani Kihesa hatukuwahi hata kufika kwa afisa maendeleo ya jamii, kwa sababu tulidhani mikopo ile ni ya wasiosoma. Huo ulikuwa ujinga wetu. Tunaomba chama kiteue watu wawili wanaojua kuandika katiba ya kikundi na andiko la mradi, watusaidie tuanze.

Ombi la nne halina gharama. Wazazi wetu, tubadilishe swali. Badala ya "umepangiwa wapi," tuulizeni "wiki hii umefanya nini, na umekwama wapi?" Swali hilo tunaweza kulijibu. Na mtu akirudi nyumbani na begi lile lile, mpokeeni, mpeni jembe na siku tatu za kulala, halafu mkae naye mpange. Kurudi nyumbani kusiwe mwisho wa elimu. Kama tungejua tutapokelewa hivyo, wengi wetu tungefika Makambako na Tukuyu msimu wa kupanda, badala ya kumaliza mvua nzima tukilipia chumba cha mjini kwa fedha za kukopa.

Tumeomba, na mwombaji naye atoe ahadi. Sisi tunaahidi mambo matatu.

Moja, tutalipa. Tunajua wapo waliotutangulia waliosomeshwa, wakapata kazi nzuri, na namba zao za simu zikabadilika. Jambo hilo limewavunja moyo wengi wenu na hatutalifunika. Kwa hiyo tunaomba kila mwaka, katika kijitabu hiki hiki, yachapishwe majina ya waliokopa, walichokopa na walichorudisha. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika aliyeajiriwa, na mshahara unatoka ukiwa umeshakatwa. Chama hakina mkono wa kukata. Kinachotuunganisha ni jina la baba na mama zetu, na tumekubali majina hayo yawe rehani.

Mbili, kila mmoja wetu atakaa na wanafunzi wawili wa kidato cha nne au cha sita kutoka kata yake na kuwaambia yale ambayo hakuna aliyetuambia. Kwamba kuchagua kozi kwa sababu jina lake linapendeza ni hatari. Kwamba cheti cha VETA cha umeme au stashahada ya uuguzi si ushinde. Kwamba mafunzo kwa vitendo ya wiki nane ni ya kufanyia kazi, na mtu unayemwacha na sifa nzuri pale anaweza kuwa wa kwanza kukupigia simu. Kwamba mpango wa baada ya chuo unaandikwa mwaka wa pili, wakati bado una kitanda na chakula. Ukiusubiri mpaka siku ya joho umechelewa.

Tatu, tutasema ukweli. Hatutajibu tena "tunafuatilia mambo." Aliyekwama atasema nimekwama, na aliyepata hasara atasema nimepata hasara. Mwenzetu wa viazi alituambia kwamba ile hasara aliificha miezi minne, na siku aliyomwambia mama yake, mama alicheka, akasema: "Mimi nimepata hasara ya viazi mara ngapi na bado nimekusomesha?" Miezi minne ya kukosa usingizi ikaishia pale.

Ndugu wana chama, tunamalizia kwa mwenzetu mwalimu. Mwezi uliopita alikwenda nyumbani na miche mia mbili aliyoinunua kidogo kidogo kwa zile fedha za sabuni. Yeye na baba yake wameipanda katikati ya vile visiki. Ajira bado hajapata na bado anaomba. Tulimuuliza kwa nini apande miti itakayokomaa miaka mingi ijayo wakati leo hana mshahara. Alijibu kwamba alitaka mzee awe na kitu cha kwenda kupalilia asubuhi.

Bahasha za harambee zinapita sasa. Mnapoweka mkono mfukoni, tunaomba mkumbuke ada za wadogo zetu, na mkumbuke pia palizi ya mwaka wa kwanza. Mwakani, Mungu akipenda, tutasimama tena hapa na daftari mkononi, tuwasomee nani amepokea nini, nani amerudisha, na nani bado anahitaji mkono.